Mwamba na maji kwenye mtaro ambavyo ripoti ya udongo haikuonyesha: tunadai vipi chini ya FIDIC 1999?

Mtaro_Mrefu ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kwa wanaoifahamu mikataba ya FIDIC (mikataba ya kimataifa ya ujenzi), hasa Kitabu Chekundu cha 1999.

Kazi ni bomba la majitaka la kutiririka lenyewe. Urefu ni mita 620, upana wa mtaro mita 1.2 na kina cha wastani mita 3.2. Ripoti ya udongo iliyokuja na nyaraka za zabuni ina mashimo matatu ya uchunguzi, kwenye cheneji (umbali kutoka mwanzo wa mstari, 0+100 ni mita 100) 0+100, 0+310 na 0+600, kila moja la mita 3.0. Muhtasari wake unasema mfinyanzi mgumu, maji hayakukutwa. Kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) kuna kipengele cha nyongeza ya bei kwa kuchimba mwamba, kimewekewa mita za ujazo 30 za makadirio.

Hali halisi ni hii. Kutoka 0+340 hadi 0+415 mwamba unaanza mita 1.6 tu chini ya uso wa ardhi. Leo ni siku ya 16 tangu ekskaveta iuguse mara ya kwanza. Mita 45 zimeshapasuliwa kwa breka (nyundo ya kupasulia mwamba), zimebaki 30. Kasi imeanguka kutoka mita 24 kwa siku hadi mita 6. Gengi la pili lililoanzia upande wa chini nalo limekuta maji siku 4 zilizopita kwenye 0+480, kina cha mita 2.4, na kuta zimeanza kumeguka.

Mhandisi mkazi aliambiwa kwenye kikao cha saiti, akajibu "endeleeni, tutaliangalia". Barua yoyote haijaandikwa. Je, dai lipo? Tuanzie wapi, na je, tusimamishe kazi kwanza?

---

Kalamu_na_Futi:

Mkuu, una siku 12. Hilo ndilo la kwanza, mengine yote yasubiri.

Kifungu cha 20.1 kinampa mkandarasi siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio linalompa haki ya kudai. Zikipita bila notisi ya maandishi kwa Mhandisi (anayesimamia mkataba), muda haongezewi na malipo hapati, na Mwajiri (mwenye mradi) anaondolewa dhima yote. Siku 16 zimeshakwenda kwa upande wa mwamba. Kwa maji umetumia 4. Andika notisi mbili tofauti, kila moja na namba yake, kwa sababu haya ni matukio mawili: yana tarehe mbili, sababu mbili na ushahidi tofauti. Ukiyachanganya, udhaifu wa moja utaliangusha na lingine.

Usitegemee kikao. Hata muhtasari wa kikao ukitaja mwamba, mtu atauliza wapi umesema kwamba unakusudia kudai muda na fedha. Kifungu cha 1.3 kinataka notisi iwe ya maandishi na ipelekwe kwa njia iliyotajwa na mkataba. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri au isainiwe pamoja na tarehe.

Yale maneno ya "endeleeni" yana thamani ukiyawahi. Chini ya kifungu cha 3.3, mkandarasi akipewa agizo la mdomo analithibitisha kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi. Mhandisi naye asipojibu kwa maandishi kulikataa ndani ya siku 2 za kazi baada ya kupokea, uthibitisho wako unakuwa ndio agizo lake. Kwa hili dirisha limefungwa, ila kuanzia leo kila neno la mdomo lifuatwe na barua. Angalia pia kama huyo mhandisi mkazi amekasimiwa mamlaka hayo kwa maandishi chini ya kifungu cha 3.2. Wengi hawana.

Kuhusu kusimamisha kazi: hapana. Kifungu cha 4.12, kinachohusu hali za ardhi zisizotazamiwa, kinakutaka uendelee kwa hatua zinazofaa kulingana na hali uliyoikuta, na ufuate maagizo ya Mhandisi. Ukisimama bila agizo, ucheleweshaji huo ni wako. Unachoweza kufanya ni kupanga upya mfuatano wa kazi: peleka breka na ekskaveta kwenye kipande kingine kwa siku mbili tatu, hizo mita 30 za mwamba zibaki kama zilivyo hadi zikaguliwe kwa pamoja. Kifungu chenyewe kinasema notisi ieleze hali ili Mhandisi aweze kuikagua. Akifika akakuta vifusi, umebaki na maneno.

Kabla ya kuandika sababu kwenye notisi, fungua karatasi za kila shimo la uchunguzi, usisome muhtasari peke yake. Weka hapa zinasemaje.

---

Sampuli_ya_Udongo:

Naunga mkono hilo la karatasi za mashimo. Muhtasari huandikwa ofisini. Karatasi ya shimo huandikwa na aliyekuwa pale kwenye mashine. Angalia vitu vinne.

Kwanza safu ya SPT (jaribio la kupima ugumu wa udongo ndani ya shimo). Jaribio hilo ni nyundo ya kilo 63.5 inayodondoka milimita 760, na unahesabu mapigo yanayozamisha kifaa milimita 300 za mwisho kati ya 450. Ukiona imeandikwa mapigo 50 kwa milimita 120, au neno la kwamba kifaa kimegoma, maana yake hapo kuna kitu kigumu. Huenda ni mwamba wenyewe, huenda ni jiwe kubwa lililolala peke yake. Pili, sababu ya shimo kuishia pale: limefika kina kilichoagizwa, au limekwama? Tatu, kama baada ya kukwama walichukua kiini cha mwamba. Kawaida hushuka mita 3 ndani yake kuthibitisha kwamba si jiwe la kuzagaa. Nne, maji: shimo lilikaa wazi saa ngapi kabla ya kupimwa? Kwenye mfinyanzi maji hupanda polepole sana, hivyo "hayakukutwa" kwenye shimo lililofukiwa siku hiyohiyo haina maana kwamba hayapo. Bila bomba la kupimia maji lililoachwa ndani, sentensi hiyo ni dhaifu, na mkandarasi mwenye uzoefu anategemewa kulijua hilo.

Na jambo ambalo halitakufurahisha: mashimo ni ya mita 3.0, mtaro ni mita 3.2. Mashimo yote matatu yaliishia juu ya sakafu ya mtaro. Upande wa pili watakuuliza ulidhani chini ya mita 3.0 kuna nini.

---

Mtaro_Mrefu:

Asanteni sana. Karatasi ninazo sasa. Mashimo ya 0+100 na 0+600 yamefika mita 3.0 bila tatizo, mapigo ya SPT kati ya 18 na 27. Shimo la 0+310 limeandikwa hivi: mita 2.9, mapigo 50 kwa milimita 110, mwisho wa shimo. Kiini hakikuchukuliwa. Maji: "kavu wakati wa kufukia", saa hazikutajwa. Je, dai limekufa?

---

Sampuli_ya_Udongo:

Halijafa, ila umbo lake limebadilika. Afadhali umeliona wewe kabla hawajakuonyesha wao.

Kipimo cha FIDIC 1999 ni kile ambacho mkandarasi mwenye uzoefu asingeweza kukitazamia kwa busara hadi tarehe ya kuwasilisha zabuni. Shimo la 0+310 lipo mita 30 kutoka mwamba ulipoanza. Ukisema "hatukutazamia mwamba kabisa", karatasi hiyo moja inakumaliza. Kesi ya Obrascon dhidi ya serikali ya Gibraltar, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 2014 na rufaa yake kukataliwa mwaka 2015, ilihusu hilihili kwenye handaki la uwanja wa ndege: udongo uliochafuka ulikuwa mwingi kuliko ripoti ilivyosema. Mahakama ikaona mkandarasi mwenye uzoefu hatakiwi kushika tarakimu za ripoti tu. Anapima mwenyewe taarifa zote alizonazo, pamoja na historia ya eneo, na kujiwekea akiba.

Lakini karatasi hiyohiyo inasema ugumu uko mita 2.9. Wewe umeukuta mita 1.6. Hapo ndipo dai lako lilipo. Gawa mwamba katika sehemu mbili.

Mwamba wote: urefu 75 × upana 1.2 × unene 1.6 (kutoka mita 1.6 hadi 3.2) = mita za ujazo 144.
Uliotazamiwa: 75 × 1.2 × 0.3 (kutoka 2.9 hadi 3.2) = mita za ujazo 27.
Usiotazamiwa: 117.

Sasa tazama BOQ yako: makadirio ya mwamba ni 30. Msanifu alisoma karatasi ileile na akafika karibu palepale. Kwa hiyo ile 30 haithibitishi tu kwamba mwamba ulitazamiwa. Inathibitisha ulitazamiwa kwa kiasi gani. Ukikiri 27 mwenyewe, unaaminika kwenye 117.

Ushahidi wa uso wa mwamba ukusanye hivi. Kwenye mita 30 zilizobaki, ondoa udongo wa juu hadi mwamba uonekane, ufagiwe uwe safi. Pima usawa wake kila mita 5, pointi tatu kwa kila mstari: kushoto, katikati, kulia. Hiyo ni mistari 7, pointi 21. Mpimaji wenu na wa Mhandisi wasimame pamoja na wasaini daftari moja hapohapo saitini, si kesho yake. Kwenye zile mita 45 zilizokwishapasuliwa, kama hazijafukiwa, mpaka wa udongo na mwamba bado unaonekana kwenye kuta zote mbili. Upime huko kabla bomba halijalazwa. Mlipokwisha kufukia, chimbeni mashimo madogo kando ya mtaro, nje ya upana wake.

Picha: simamisha fimbo ya kupimia ukutani, sifuri ikiwa kwenye usawa wa ardhi. Weka ubao wenye cheneji, tarehe na upande unaotazama. Piga moja ya mbali inayoonyesha kitu kisichohama, kama chemba au nguzo, kisha ya karibu ambayo tarakimu za fimbo zinasomeka. Picha ya jiwe lililo kwenye ndoo ya ekskaveta haithibitishi limetoka wapi.

Chukua pia vipande vya mwamba vya kupima nguvu ya mgandamizo maabara, angalau sehemu tatu tofauti, kila mfuko na lebo yake. Na soma utangulizi wa BOQ unatafsiri vipi neno "mwamba". Mara nyingi tafsiri hiyo inategemea mashine ya uzito fulani ikishindwa kuchimba. Kama ndivyo, jaribio la ekskaveta kushindwa lifanywe mbele ya mwakilishi wa Mhandisi na liandikwe: aina ya mashine, dakika ilizohangaika, na ilichotoa.

Kwa upande wa maji, usalama kwanza. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ni kama tani 1.8 au zaidi. Kwenye kina hicho, na kuta zinamegeka, mtu asishuke hadi mtaro uegemezwe kwa mbao au visanduku vya chuma, na kifusi kikae angalau mita 1 kutoka ukingoni.

Halafu uliza maji yanatoka wapi, maana jibu linaamua kila kitu. Tafsiri ya 4.12 inaingiza hali za chini ya ardhi na za maji, ila inatoa nje hali ya hewa. Mvua iliyojaa mtaroni hailipwi kwa kifungu hiki. Hivyo chimba kisima kidogo cha kupimia kando ya mtaro, usome usawa wa maji asubuhi na jioni saa zilezile, na uweke kipima mvua saitini. Usawa usipotikisika siku zisizo na mvua, umejibu. Pima pia klorini kwenye maji yenyewe: ikiwepo, kuna bomba la maji safi linalovuja jirani, na hicho ni kizuizi kilichotengenezwa na binadamu, ambacho 4.12 inakitambua vilevile. Harufu au amonia itakupeleka kwenye bomba la majitaka la zamani.

Kiasi cha maji kipime kwa pipa. Elekeza mpira wa pampu kwenye pipa la lita 200 na ushike saa. Likijaa kwa sekunde 25, ni lita 8 kwa sekunde, yaani karibu mita za ujazo 29 kwa saa. Rudia mara tatu, andika zote. Kabla ya kumwaga, tazama rangi: maji ya mawingumawingu yanabeba mchanga mwembamba kutoka nyuma ya ukuta, na hapo unachimba pango usiloliona. Kishimo cha pampu kizungushiwe kitambaa cha chujio na kokoto, kiwe nusu mita chini ya sakafu ya mtaro.

---

Upande_wa_Mhandisi:

Niseme kutoka upande unaopokea hizo barua, ili mjue kinachotazamwa.

Mhandisi anapopata notisi ya 4.12 anatakiwa kukagua na kuchunguza, kisha aamue kwa kifungu cha 3.5 kama hali ilikuwa isiyotazamiwa na kwa kiwango gani. Hayo maneno "kwa kiwango gani" ndiyo yanayoruhusu mgawanyo wa 27 na 117. Jambo ambalo wakandarasi husahau: kabla ya kukubali gharama, Mhandisi anaruhusiwa kutazama kama sehemu nyingine zinazofanana za kazi zilikuwa rahisi kuliko ilivyotazamiwa, na kupunguza kwa hilo. Jumla ya hesabu hiyo haiwezi kushusha bei ya mkataba, lakini inaweza kula dai lako. Kwa hiyo tunza kumbukumbu za vipande vyepesi pia. Kama kati ya 0+000 na 0+300 udongo ulikuwa kama ripoti ilivyosema, kasi ya mita 24 kwa siku mliyoipata huko ndiyo kipimo chenu cha kulinganisha.

Pili, njooni na pendekezo. Notisi inayosema tu "tumekwama" inamlazimu Mhandisi kujilinda. Angalia mchoro: mteremko kwenye kipande hicho ni kiasi gani? Ukiwa 1 kwa 100 na ukalazwa hadi 1 kwa 150, kwa mita 75 unapata sentimita 25 upande wa chini na sifuri upande wa juu. Wastani ni sentimita 12.5, yaani mita za ujazo 11 tu za mwamba, na kasi ya maji ya kujisafisha inashuka. Haifai. Lakini kulihamisha bomba mita chache kando, kama mashimo ya majaribio yataonyesha mwamba umeinama, kunaweza kuokoa sehemu kubwa. Chimbeni mashimo matatu ya majaribio kwa ekskaveta upande wa juu na matatu upande wa chini wa mstari. Ni kazi ya siku moja. Mhandisi akiagiza mstari mpya, hilo ni badiliko la kazi chini ya kifungu cha 13, na bei ya mabadiliko inabeba faida. Gharama ya 4.12 haibebi.

Kama kuna nyumba karibu na mnafikiria baruti badala ya breka, pigeni picha nyufa zote za nyumba hizo kwanza, wenyewe wakishuhudia.

---

Kalamu_na_Futi:

Nimalizie fedha na muda, kisha rasimu.

Kuchimba mwamba kwenyewe kunalipwa kwa kupimwa. Kitabu Chekundu ni mkataba wa kupima, kwa hiyo zile 144 zote zinalipwa kwa bei ya kipengele cha BOQ, zilizotazamiwa na zisizotazamiwa. Usiziingize tena kwenye dai la 4.12, hapo ndipo madai mengi huharibikia, mtu anadai breka mara mbili. Dai lako la 4.12 ni kile ambacho bei ya kipengele haikibebi: muda, gharama za kukaa saitini siku za ziada, gengi la kulaza bomba lililosubiri, na mashine iliyosimama.

Kubadili bei ya kipengele kunawezekana kwa kifungu cha 12.3, ila masharti yote yatimie: kiasi kimebadilika zaidi ya asilimia 10, badiliko hilo likizidishwa kwa bei linazidi asilimia 0.01 ya bei ya mkataba iliyokubaliwa. Badiliko limesababisha gharama ya kipimo kimoja kubadilika kwa zaidi ya asilimia 1. Na kipengele hakijaandikwa kuwa cha bei isiyobadilika. Kutoka 30 hadi 144 unavuka la kwanza kwa mbali. La tatu lina miiba. Kiasi kikikua, gharama ya mita moja mara nyingi hushuka, kwa sababu kuleta breka saitini kunagawanywa kwa mita nyingi zaidi. Ukiomba bei mpya bila hesabu, unaweza kupewa bei mpya ya chini. Fanya hesabu yako kwanza, kimya, ndipo uamue kama unagusa 12.3.

Muda: mita 75 kwa kasi ya 24 ni siku 3.1. Kwa kasi ya 6 ni siku 12.5. Tofauti ni siku 9.4. Lakini hupewi 9.4 moja kwa moja. Kwanza toa sehemu ya mwamba uliotazamiwa, maana hata mita 27 za ujazo zingekupunguza kasi. Kwa uwiano wa 117 kwa 144 unabaki na kama siku 7.6. Halafu tazama ratiba: kama kipande hiki kilikuwa na siku 4 za akiba kabla ya kugusa tarehe ya kumaliza, kilichobaki ni siku 3.6. Weka ratiba ya kabla ya tukio na ya baada ya tukio, zote mbili. Bila ratiba iliyowasilishwa mapema, unamwachia Mhandisi akukadirie.

Mashine yako mwenyewe iliyosimama haidaiwi kwa bei ya kukodisha. Onyesha uchakavu, mtaji na mshahara wa dereva. Ya kukodi, weka ankara. Tafsiri ya gharama kwenye FIDIC inaruhusu gharama za uendeshaji za saiti na za makao makuu, faida hapana.

Karatasi ya kila siku iwe na saa za injini za breka mwanzo na mwisho wa zamu, mita zilizosonga mbele, meno na ncha za breka zilizobadilishwa, mafuta, majina ya waliokuwepo na waliosubiri. Mwakilishi wa Mhandisi asaini. Akikataa, andika "imewasilishwa, haikusainiwa" na saa, kisha uitume kwa barua jioni hiyohiyo.

Rasimu ya notisi ya mwamba, irekebishe uitume kesho:

> Yah: Notisi chini ya vifungu 4.12 na 20.1. Mwamba, cheneji 0+340 hadi 0+415.
>
> Tarehe [ ] tulikuta mwamba mgumu kwenye kina cha mita 1.6 kutoka usawa wa ardhi katika mtaro tajwa. Taarifa za zabuni, shimo la 0+310, zilionyesha ugumu kwenye kina cha mita 2.9, na BOQ iliweka mita za ujazo 30 za mwamba. Tunaona kwamba mwamba ulio juu ya kina cha mita 2.9, kwa mkandarasi mwenye uzoefu, usingeweza kutazamiwa kwa busara hadi tarehe ya kuwasilisha zabuni.
>
> Tunapata na tutaendelea kupata ucheleweshaji na gharama za ziada, na tunakusudia kudai nyongeza ya muda na malipo.
>
> Kati ya 0+385 na 0+415 mwamba haujapasuliwa. Tunaomba ukaguzi na upimaji wa pamoja tarehe [ ] saa [ ]. Kazi inaendelea kwenye sehemu nyingine, na kwa breka hapa baada ya upimaji huo. Kumbukumbu za kila siku zinatunzwa na zipo tayari kukaguliwa.

Usiweke kiasi cha fedha humo. Notisi haihitaji. Dai kamili linafuata ndani ya siku 42 tangu mlipojua, yaani kwa mwamba zimebaki 26. Kwa kuwa athari inaendelea, dai hilo litahesabiwa la muda tu, yaani si la mwisho. Unatuma nyongeza kila mwezi, na la mwisho ndani ya siku 28 baada ya athari kwisha. Mhandisi ana siku 42 za kujibu baada ya kulipokea.

---

Mtaro_Mrefu:

Nimeelewa, nashukuru mno. Moja la mwisho: kazi ya breka tumempa mkandarasi mdogo, na mradi wetu unaofuata tumeambiwa utakuwa FIDIC ya 2017. Hesabu hizi zinabaki zilezile?

---

Upande_wa_Mhandisi:

Hapana, soma upya. Kwenye toleo la 2017 kipimo cha kutazamia kinarudi nyuma hadi Tarehe ya Msingi, yaani siku 28 kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha zabuni. Notisi ya dai inahamia kifungu cha 20.2, bado siku 28, lakini dai kamili lina siku 84, na ndani yake lazima uandike msingi wa kimkataba au kisheria wa dai. Ukichelewa kuuandika, notisi yako inaweza kuhesabiwa imekufa. Mkiletewa Kitabu cha Fedha (toleo jingine la FIDIC), hatari ya ardhi karibu yote ni ya mkandarasi, kwa hiyo akiba iingie kwenye bei ya zabuni. Kwa mikataba ya NEC4 ya Uingereza notisi ni wiki 8 na hali ya ardhi ni kifungu cha 60.1(12). Kwa AIA A201 (masharti ya jumla ya mikataba ya ujenzi) ya Marekani ya 2017 ni siku 14 tangu hali ionekane, na kabla haijavurugwa. Kwa kazi za mahandaki kuna Kitabu cha Zumaridi cha FIDIC cha 2019, ambacho kinaweka ripoti ya msingi ya jiotekniki ndani ya mkataba: pande zote zinakubaliana mapema ardhi inahesabiwa kuwa ya namna gani, na tofauti inapimwa dhidi ya hiyo.

Mkandarasi mdogo: fungua mkataba wake leo utazame siku zake za notisi. Zikiwa 28 kama zako, anaweza kukuletea barua siku ya 28 asubuhi, na wewe ukakosa siku ya kuipeleka juu. Kwa mkataba ujao mwandikie 14. Kwa huu uliopo mwombe kwa barua akupe kumbukumbu zake za saa za breka kila siku, kwa sababu ndizo zitakazobeba dai lako.

---

Sampuli_ya_Udongo:

Na ule mpaka wa udongo na mwamba kwenye kuta za zile mita 45, upimwe kesho asubuhi kabla ya kitu kingine. Kuta zikimwagikiwa na udongo au mvua ikinyesha, mstari unafutika.